Muonja Chai na Vidonge vya Asubuhi

Waonja chai hutema namna moja dunia nzima. Simama nje ya mlango wa chumba chao, iwe bandarini au milimani, utasikia mfyonzo mkali kama wa mtu anayewahi supu ya moto, kimya kidogo, halafu mate yanagonga ndoo. Wageni hucheka. Mtu wa habari hii alikuwa amefyonza na kutema hivyo kwa miaka ishirini na sita, katika chumba kimoja, mbele ya dirisha moja lililotazama uwanja wa kupakilia magunia, na hakuna aliyewahi kumwona akicheka wala kukasirika kazini. Kiwandani walimwita Ulimi.

Chumba chake kilikuwa na meza ndefu ya vigae vyeupe, mizani ndogo na safu ya vikombe vyenye vifuniko. Kila siku saa mbili asubuhi, mjane mmoja mnene aliyeitwa Mama Birika alipima majani makavu kutoka laini nne za mashine za kiwanda, akayamwagia maji yanayochemka, akayafunika dakika sita. Kisha alimimina chai kwenye mabakuli na kuyapindua majani yaliyolowa juu ya vifuniko ili rangi yake ionekane. Ulimi alipita bakuli kwa bakuli na kijiko chake. Alichoandika kwenye daftari ndicho kilichoamua magunia yapi yaende sokoni na yapi yarudishwe. Mafundi walibishana na meneja, meneja alibishana na wanunuzi, lakini na daftari lile hakubishana mtu.

Kazi hiyo ina miiko yake. Hakuna sigara, hakuna manukato, hakuna kitunguu kibichi tangu jana yake. Na juu ya yote, muonjaji haweki kitu tumboni kabla ya vikombe vya asubuhi. Ulimi aliamka, akasukutua kwa maji matupu, akavaa koti lake jeupe, akatoka. Chakula chake cha kwanza kilikuwa saa nne na nusu, vikombe vikishaoshwa. Mwili ulikuwa umezoea hivyo, kama gari linalojua kituo chake.

Akiwa na miaka hamsini na tatu alianza kuamka mara nne kwa usiku kwenda kukojoa, na kunywa maji kama shimo. Mke wake, mwalimu wa darasa la pili, mwenye sauti ya kunyamazisha watoto sitini bila kuinua mkono, alimpeleka kwenye zahanati ya mji mwingine, kwa sababu mumewe alikataa kabisa ile ya kiwanda. Walimtoboa kidole, wakamtoa damu nyingine asubuhi iliyofuata, wakamwambia ana kisukari. Alisikia habari hiyo kama mtu anavyosikia kwamba kesho kutakuwa na mawingu.

Muuguzi, dada mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alimwekea mbele vidonge vikubwa vyeupe.

"Hii ni metformini. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, pamoja na chakula. Umenisikia, baba? Pamoja na chakula."

"Nimesikia."

"Kazi yako nini?"

"Niko kiwandani."

Muuguzi aliandika "kiwandani", akaita mwingine.

Walipofika nyumbani mke wake alivipanga vidonge kwenye kopo la kabati. Kesho yake, saa kumi na mbili, alimkuta mumewe amesimama jikoni amekimeza kidonge kwa maji, na koti liko mabegani.

"Si amesema na chakula?"

"Chakula changu ni saa nne na nusu."

"Basi meza hiyo saa nne na nusu."

"Mbele ya Mama Birika? Kabla ya saa sita kiwanda kizima kitajua, mpaka na mlinzi wa lango la nyuma."

"Wakijua watakufanya nini?"

Mke wake alijua jibu. Muonjaji aliyemtangulia alipatwa na mafua yaliyomwondolea uwezo wa kunusa. Hakuficha. Alimwambia meneja Jumatatu, na Ijumaa kiti kikawa na mtu mwingine. Mtu huyo mwingine ndiye aliyekuwa amesimama jikoni.

Kwa hiyo alishika saa, akaacha chakula. Kidonge saa kumi na mbili kwenye tumbo tupu, vikombe saa mbili. Fundi, karani au dereva asingeweza kukosea hivyo. Wote hao hutoka nyumbani na kipande cha mkate mkononi.

Tumbo ndilo lililoanza. Wiki ya kwanza liliunguruma kama lori bovu, na kati ya laini ya pili na ya tatu Ulimi alilazimika kuweka kijiko chini na kutoka kwa hatua ndefu zisizo za kawaida yake. Choo kilikuwa nyuma ya karakana, na karakana ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa mke wake, fundi wa rola. Walimwita Spana.

"Shemeji!" Spana alipiga kelele akiwa ameshika tupa. "Mara ya tatu hii leo! Tukuhamishie meza huku?"

"Nyamaza ufanye kazi."

"Mimi nafanya kazi. Wewe ndiye unayefanya mazoezi. Ule ulimi wako ungekuwa mguu, leo ungekuwa unachezea timu ya taifa."

Mafundi wengine walicheka. Ulimi alifunga mlango wa choo, akaketi gizani, akasikiliza vicheko vyao. Havikumuuma. Siku hizo mambo mengi yalikuwa yakimfikia kutoka mbali, kama redio ya jirani.

Tumbo lilitulia kidogo wiki ya tatu. Hapo ndipo chuma kilipokuja.

Kilikuja kwenye bakuli la laini ya tatu. Alifyonza, akazungusha chai mdomoni, akakuta nyuma ya ulimi ladha kama ya mtu aliyeng'ata ufunguo. Akatema. Akarudia. Ufunguo ulikuwapo. Na Jumapili iliyotangulia, wakila nyumbani, Spana alikuwa amejisifu kwamba amezinoa upya rola za laini ya tatu. Rola hizo ni magogo ya chuma yenye meno, mawili yanayozunguka yakitazamana, na majani mabichi hupita katikati yake yakakatwa. Zikinolewa, lazima ziondolewe unga wa chuma wote kabla ya kurudishwa. Fundi akifanya haraka, unga huo unaishia kwenye chai.

Ulimi aliandika: Laini ya tatu, chuma.

Hakuwa na nia mbaya. Mdomoni alikuwa na ladha, kichwani alikuwa na mahali pa kuiweka, na viwili hivyo vikakutana. Bakuli la nne nalo lilikuwa na chuma, lakini alidhani ni kile cha la tatu kimeng'ang'ania. Kesho yake alianza na la tatu, akaandika tena. Keshokutwa tena.

Laini ya tatu ilisimamishwa. Magunia mia na arobaini yaliwekwa kando. Meneja, mwanamume mwembamba aliyevaa saa mbili, moja ya saa za hapa na moja ya saa za wanunuzi, aliagiza rola zifunguliwe. Spana alizifungua mbele ya watu, akapitisha sumaku kwenye meno yote. Sumaku ilitoka safi.

"Meneja, tazama mwenyewe. Hata unywele haukushika."

"Sumaku imekaa hapa mwaka mmoja," meneja alisema. "Yule amekaa ishirini na sita."

Rola zilioshwa, zikarudishwa. Ulimi alionja. Chuma. Zikafunguliwa mara ya pili, zikasuguliwa kwa brashi, Spana mwenyewe amelala chini ya mashine kwa muda wa saa tano. Chuma. Mara ya tatu meneja hakuuliza kitu. Alimpa Spana barua ya kumsimamisha kazi, na tarehe ya kikao: Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa tatu asubuhi. Akikutwa na kosa angeondoka, na angeihama nyumba ya kiwanda aliyokaa na mke na watoto watatu.

Jioni hiyo Spana alikuja nyumbani kwa dada yake bila kubisha hodi.

"Shemeji, niambie ukweli. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Ni yale maneno ya chooni? Mimi nilikuwa natania. Sisi si watu wa kutaniana?"

"Si hayo. Naandika ninachoonja."

"Sasa mimi nimekula hiyo chai. Nimeitafuna ikiwa kavu! Sijaona chuma."

"Wewe unavuta sigara."

"Haya, mimi navuta sigara. Na sumaku nayo inavuta?"

Mke wa Ulimi alikuwa anasahihisha madaftari mezani. Kalamu nyekundu ilisimama. Alimtazama mumewe, kisha kaka yake mdogo, kisha kabati lenye kopo. Mumewe alikuwa amemwapisha asitaje dawa kwa mtu. Lakini Spana alipoondoka alisema, kwa ile sauti ya darasani:

"Hizo dawa zilikuharibu tumbo. Mdomo je?"

"Mdomo uko sawa."

"Umeuliza?"

"Nimuulize nani?"

Alirudi kwenye madaftari yake. Mumewe aliketi akatazama ukuta. Alijaribu kumwonea huruma yule kijana aliyemjua tangu akiwa na magoti yenye makovu, akamkuta yuko nyuma ya kioo kinene. Alijua anapaswa kuhisi kitu. Alikipapasa kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni pake.

Wiki hiyohiyo zahanati ilikuta sukari yake bado iko juu. Daktari aliongeza kidonge cha pili, kidogo, cha kumezwa na chakula cha asubuhi. Yule muuguzi hakuwa zamuni. Ulimi alikichukua, akakiunganisha na kile kikubwa, vyote saa kumi na mbili, kwa maji.

Jumatano, siku mbili kabla ya kikao, alikuwa kwenye bakuli la pili alipoona kijiko kinagonga ukingo. Kiligonga tena, tik tik tik, na yeye hakuwa anakigonga. Shati lilikuwa limelowa mgongoni ingawa dirisha lilikuwa wazi. Moyo ulienda mbio bila sababu. Alitaka kumwambia Mama Birika afunge dirisha, badala yake akasema, "Fungua Jumatatu."

"Nifungue nini?"

"Jumatatu," alisema kwa ukali, na bakuli likaanguka, likavunjika vipande vitatu.

Mama Birika hakupiga kelele. Alimsukuma kwenye kiti, akafungua chupa yake ya chai, ile aliyoificha chini ya sinki kwa sababu mle ndani sukari ilikuwa haramu, akamimina kifuniko kizima.

"Kunywa."

"Ina sukari."

"Ndiyo maana nasema unywe. Usiteme! Meza!"

Alimeza. Akampa cha pili. Baada ya dakika kumi mikono ilitulia na chumba kikarudi mahali pake. Mama Birika alikuwa anafagia vipande vya bakuli.

"Mama yangu alikuwa na sukari," alisema bila kuinua kichwa. "Alikuwa akimeza kile kidonge kidogo halafu anasahau kula, anaanza kumfokea kuku. Muda gani sasa?"

"Miezi miwili."

"Na mkeo anajua?"

"Anajua."

"Na unameza saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Halafu unakula saa nne na nusu." Aliweka ufagio ukutani. "Wewe baba, unataka tukuzike na hilo koti?"

Lakini Ulimi hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameshika kile kifuniko cha chupa, na chini ya sukari yote ile, nyuma ya ulimi, kulikuwa na ufunguo.

"Hii chai umetoa wapi?"

"Dukani. Paketi ya kijani. Nani awape pesa zangu hawa? Nanunua ya nje."

"Haikutoka hapa?"

"Nimekwambia ya nje."

Alijimiminia maji ya bomba, akazungusha mdomoni. Chuma. Akameza mate yake. Chuma. Aliketi hapo, muonjaji wa miaka ishirini na sita, akielewa kwamba kwa wiki tano alikuwa ameandika mdomo wake mwenyewe kwenye daftari na kuuita laini ya tatu. Mama Birika alimtazama, akaelewa pia, maana alikuwa amesimama chumba hicho muda mrefu kuliko sumaku.

"Utasema," alisema. Haikuwa wazi kama ni swali.

"Ijumaa bado."

"Mimi sitasema. Si mdomo wangu. Ila Ijumaa nitakuwapo namimina, na nitakuwa nakutazama."

Alhamisi alikwenda kazini kama kawaida. Hakumeza kidonge asubuhi hiyo, wala jioni. Alidhani labda chuma kitaondoka kwa siku moja, kikao kipite, mambo yajifute yenyewe. Hakikuondoka. Alichopata ni kiu ya zamani tu. Jioni mke wake alihesabu vidonge kwenye kopo, akakuta vimezidi.

"Umeacha?"

"Ni dawa ndiyo inaleta chuma. Nimejua jana."

Mke wake aliketi taratibu, kama mtu anayeketi kwenye kiti asichokiamini.

"Jana. Na jana hiyohiyo hukwenda kwa meneja?"

"Hapana."

"Leo?"

"Hapana."

"Yule ni mtoto wa mama yangu."

"Najua."

"Sijakuuliza kama unajua." Sauti yake haikupanda. "Nimenyamaza miezi miwili kwa sababu yako. Kesho sitasema pia. Nataka nione utakavyofanya ukiwa na mdomo wako mwenyewe."

Ulimi alilala vizuri usiku huo. Hilo lilimshangaza asubuhi.

Kikao kilifanyika kwenye chumba cha kuonjea, kwa sababu meneja alikuwa amebuni jambo. Mezani kulikuwa na mabakuli tisa, kila moja na namba chini yake isiyoonekana. Matatu yalikuwa ya laini ya tatu, matano ya laini nyingine, moja chai ya kiwanda cha mbali kabisa. Spana alikaa pembeni amevaa shati la harusi, mikono imesuguliwa mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Karani alikuwa na karatasi.

"Ni rahisi," meneja alisema. "Fundi anasema rola zake safi, na kwamba muonjaji wetu anakosea. Muonjaji ataonja bila kujua. Akiyataja matatu ya laini ya tatu, mjadala umefungwa. Sawa, fundi?"

"Sawa. Na asipoyataja?"

"Tutaona."

Mama Birika alimimina. Macho yake hayakutoka usoni kwa Ulimi.

Sasa lazima msomaji ajue jambo moja. Ulimi hakuhitaji ulimi. Majani yaliyolowa yalikuwa wazi juu ya vifuniko, na kwa muda wote huo alikuwa ameyatazama kila siku. Laini ya tatu hukata mafupi kidogo, na rangi yake ina wekundu wa sarafu mpya. Alipoingia tu mlangoni alikuwa ameshayaona: la pili, la tano, la nane. La tisa, jani refu jeusi, lilikuwa la wageni. Angeweza kufyonza, kutema, kutaja tatu, na kurudi kwenye kiti chake mpaka siku ya kustaafu. Dawa angezizoea, au angeziacha.

Alichukua kijiko. La kwanza.

"Chuma," alisema.

Karani aliandika. La pili.

"Chuma."

Spana alifumba macho. La tatu, chuma. La nne, chuma. Meneja alianza kutazama saa zake, kwanza moja kisha nyingine.

"Ngoja. Yote hayawezi kuwa laini ya tatu."

"Hayawezi."

"Umeonja vizuri?"

"Nimeonja vizuri." Aliendelea. La tano, la sita, la saba, la nane. Alifyonza kila moja kwa ile sauti yake, akatema, akasema neno lilelile, bila haraka, kama mtu anayesoma majina ya darasa. La tisa.

"Chuma. Na hii haikutoka hapa."

"Hiyo imetoka mbali sana," meneja alisema polepole. "Hao wana mashine mpya, za jana tu."

"Mama Birika, nipe maji matupu."

Alimpa, ya moto, kutoka kwenye birika. Akazungusha, akatema.

"Chuma."

"Hayo ni maji," meneja alisema.

"Najua ni maji. Chuma kiko kwangu. Nina kisukari, nameza dawa, na dawa imenipa ladha hii. Nimeonja hivyo tangu siku ya kwanza niliyoandika laini ya tatu. Rola ni safi. Magunia yale ni mazuri."

Nje, gari lilikuwa linarudi nyuma kupakia, na mtu alikuwa analielekeza kwa kupiga bodi kwa kiganja.

"Tangu siku ya kwanza?" Spana aliuliza.

"Ndiyo."

"Nilipokuwa nimelala chini ya mashine?"

"Wakati huo sikujua. Nimejua Jumatano."

"Jumatano," Spana alirudia. Akasimama, akaufungua mlango, akatoka. Meneja hakumzuia. Karani aliuliza aandike nini, akaambiwa aandike fundi arudi kazini saa sita.

Kwa Ulimi kulikuwa na barua pia, yenye adabu kuliko ya Spana. Likizo ya mwezi mmoja. Muonjaji wa kiwanda kingine cha kampuni angekuja Jumatatu kushika nafasi. Ulimi wake ukirudi, wataongea. Usiporudi, kuna kazi kwenye ghala la sampuli. "Kiti hakiwezi kukaa wazi, mzee wangu," meneja alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana mwenye aibu. Ulimi alikunja barua mara mbili, akaitia mfuko wa koti. Alisubiri kitu kifike kifuani. Hakikufika.

Mchana huo mke wake aliomba ruhusa shuleni, akampeleka tena kwa yule muuguzi wa miwani. Safari hii yeye ndiye aliyeongea. Alisema kazi ya mumewe ni nini, anaamka saa ngapi, anakula saa ngapi, ameacha lini. Muuguzi alivaa miwani.

"Muonja chai," alisema. "Na mimi nimeandika kiwandani. Baba, ungeniambia siku ile, tungepanga vingine kabisa. Hiki kikubwa bila chakula kinapiga tumbo, na kuna watu kinawapa chuma mdomoni. Kwa wengi chuma hicho huisha wakikimeza katikati ya mlo. Kipo kingine cha namna hiyohiyo kinachoyeyuka taratibu, tunaweza kukujaribisha jioni tu. Hiki kidogo, sasa. Hiki ukimeza kinashusha sukari, umekula hujala, hakiulizi. Bila chakula, usikiguse. Hata mara moja."

"Na ladha?" mke aliuliza.

"Inaweza kuondoka wiki chache. Inaweza kubaki kidogo. Siwezi kumwahidi. Na usiache mwenyewe tena, baba. Ukiona shida, njoo tubadilishe. Vua viatu."

Alimgusa vidole vya miguu kwa kijiti chembamba, kimoja kimoja, akimwambia afumbe macho na aseme anapohisi. Alieleza kwamba sukari yenyewe inaleta ganzi, na kwamba dawa hii nayo, miaka ikipita, inaweza kupunguza vitamini fulani kwenye damu ikaleta ganzi vilevile, ndiyo maana watakuwa wanampima.

"Hapa?"

"Nahisi."

"Hapa?"

"Nahisi."

"Hapa?"

Alikaa kimya. Mke wake alifikiri hahisi, akashika ukingo wa kiti.

"Nahisi," alisema. "Nilikuwa nafikiri tu."

Jumapili Spana alikuja. Hakuwa peke yake. Alikuja na watoto wote watatu, akawaacha uani, akaingia, akavuta kiti kabla hajakaribishwa.

"Sikuja kukusamehe," alisema. "Nimekuja kula. Dada, kuna nini?"

"Kuna wali na maharage. Nawa mikono."

"Mikono yangu ni safi kuliko ya wote hapa. Kuna barua ya kiwanda."

Dada yake alicheka kwa pua, jambo ambalo halikuwa limesikika mle ndani kwa muda. Akapakua. Walikula, na Ulimi alitafuna taratibu, na mke wake akamtazama anavyotafuna.

"Ina chuma?" Spana aliuliza.

"Ina."

"Maharage ya watu."

Mtoto mmoja aliita kutoka uani, akajibiwa na mwenzake. Spana alisukuma sahani mbele kidogo.

"Niulize kitu, shemeji? Ukinidanganya nitajua."

"Uliza."

"Yale mabakuli. Mama Birika anasema ulijua ya laini ya tatu ni yapi. Kwa kuangalia tu."

"Nilijua."

"Ungeyataja, wangekuamini?"

"Wangeniamini."

"Na ungeweza?"

Mke wa Ulimi aliacha kula. Ulimi alifikiri kwa dhati, kama alivyofikiri juu ya kidole cha mwisho, kwa sababu swali lilikuwa la haki. Alijirudisha mlangoni, akayaona majani mekundu, akajitafuta.

"Ningeweza," alisema. "Sikuhisi kitu cha kunizuia. Nilianza na la kwanza, na la kwanza lilikuwa na chuma, nikasema chuma. Basi."

Spana alimtazama muda mrefu. Kisha akaivuta sahani yake tena, akachukua kijiko.

"Afadhali umesema," alisema. "Nipe maji."

Ulimi akainuka, akamletea.